Punda au farasi akisokotwa na tumbo: dawa ipi ya kienyeji ushike na ipi uache

Kwanza tuelewane kitu kimoja ndo tuendelee. Msokoto wa tumbo si ugonjwa mmoja, ni maumivu tu, na maumivu hayo hayakwambii kama ndani mna gesi, au choo kimekauka, au mchanga umejaa, au minyoo, au utumbo wenyewe umejipinda na damu haipiti tena. Ndo maana utamsikia mtu anaapa kwamba mafuta ya kupikia yalimponya punda wake na jirani yake anaapa vilevile kwamba mafuta hayohayo yalimuua wake, na wote wawili wanasema kweli yao. Halafu kuna hili ambalo wauza dawa hawalipendi: misokoto mingi midogo inapoa yenyewe ndani ya saa chache hata usipofanya kitu, kwa hiyo dawa yoyote iliyopewa saa hizo ndo itapewa sifa, iwe tangawizi, iwe bia, iwe dua na maji ya kisima.

Mimi nazungumza zaidi na wenye punda, wa Lamu, wa Mwea, wa Kongwa, wa popote mnyama huyu anapobeba riziki ya nyumba, ila farasi nao wamo humuhumu manake matumbo yao ni yaleyale, na ndugu zetu wa Oman na Ghuba wanaofuga farasi watakuta jambo la mchanga huko chini linawahusu sana.

Kabla ya kulinganisha dawa, mambo mawili ya mwili wake. Moja, farasi na punda hawatapiki. Mlango wa juu wa tumbo umebana sana, kinachoingia hakirudi, na tumbo lenyewe si kubwa vile watu wanavyodhani, la farasi mzima ni kama lita 8 hadi 15 tu. Likijaa maji na gesi yasiyopata njia ya kwenda mbele, linaweza kupasuka, na likipasuka hakuna dawa, si ya kienyeji si ya hospitali. Mbili, kazi kubwa ya kuchachusha majani haifanyiki mbele kama kwa ng'ombe, inafanyika nyuma kabisa kwenye utumbo mpana, ambao ni mkubwa ajabu lakini una kona moja unapojikunja na kuwa mwembamba ghafla, na hapo kwenye kona ndo mabua makavu, kamba za nailoni na kila uchafu hukwama. Shika haya mawili, yatakusaidia kupima kila dawa utakayoambiwa.

Na dalili. Farasi anaonyesha, anapiga tumbo kwa mguu, anageuka kuutazama ubavu, anajinyoosha kama anataka kukojoa na hakojoi, anatoka jasho, anajitupa chini na kugaragara. Punda haonyeshi. Punda anayegaragara mchangani jioni baada ya kuteremshwa mzigo mara nyingi anajifurahisha tu, ila punda aliyesimama pembeni kichwa chini, hataki kula, hageuzi masikio ukimwita, huyo ndo wa kumkimbilia. Watu wanasema punda ni mvumilivu, ni kweli, na uvumilivu huo ndo unamuua manake ukiona amelala chini na kuhema kwa nguvu jua ameumwa tangu jana.

KUMTEMBEZA AU KUMWACHA APUMZIKE

Hii ndo ya zamani kuliko zote na dunia nzima wanaijua, Mwingereza wa kijijini, Mwarabu wa jangwani, mzee wa Shela, wote watakwambia mtembeze asilale, akilala utumbo utajifunga fundo. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli lakini imekuzwa. Mara nyingi utumbo ukijipinda umeshajipinda kwa sababu ya gesi na mwendo wake kuvurugika, kugaragara kunakuja baadaye kwa ajili ya maumivu. Kutembea kunasaidia mambo mawili, kunaamsha mwendo wa matumbo na kunamzuia asijigonge ukutani au asimlalie mtu, na kwa msokoto mdogo wa gesi dakika 10 au 15 za kutembea polepole zinaweza kutosha kabisa utamsikia anajamba na mambo yanaisha.

Kinachoharibu ni kupitiliza. Kumkokota mnyama usiku mzima, na fimbo juu, amekaukiwa na maji, miguu inatetemeka, huko ni kummaliza nguvu ambazo angezitumia kupona. Mimi nasema hivi, akigaragara kwa fujo mwinue mtembeze kidogo, akilala kwa utulivu mwache alale, kaa karibu naye tu umtazame. Kati ya dawa zote za kienyeji hii naiweka ya kwanza, haina gharama na haimfungii daktari njia.

MAFUTA KWA CHUPA AU MAFUTA KWA MPIRA WA PUANI

Hapa nitakaa kidogo manake hapa ndo punda wengi wanapotea na mwenyewe hajui kilichomuua.

Desturi iko hivi, kichwa kinafungwa kamba na kuvutwa juu, kwenye boriti au tawi la mti, halafu chupa ya mafuta inaingizwa pembeni ya mdomo na kumiminwa. Mafuta ya kupikia, mafuta ya nazi, wengine samli iliyoyeyushwa. Wazo si baya, mafuta yanateleza, yanalainisha kilichokauka, na madaktari wenyewe wamekuwa wakiyatumia miaka na miaka. Tofauti yote iko kwenye njia. Mnyama mwenye kichwa kilichovutwa juu hawezi kumeza sawasawa, na mafuta hayana ukali wa kumfanya akohoe yakipotea njia, kwa hiyo yanashuka mapafuni kimyakimya. Wewe unaona amemeza. Tumbo linaweza hata kupona. Siku mbili tatu baadaye anahema haraka, puani panatoka uchafu, ana homa, halafu anakufa, na mtaani inasemwa tumbo lilimrudia. Halikumrudia, ni mapafu, na mafuta yakishakaa mapafuni hakuna wa kuyatoa.

Daktari akija na mpira mrefu anaupitisha puani mpaka tumboni, na hapo anafanya kitu ambacho chupa haiwezi kamwe, kwanza anaangalia kama tumbo limejaa. Kama maji yanarudi kwa wingi kupitia mpira, maana yake mbele kumeziba, anayatoa ili tumbo lisipasuke, na hampi mafuta wala kitu kingine kwa njia hiyo. Sasa fikiria mnyama wa aina hiyo ndo umemmiminia lita mbili za mafuta kwa chupa juu ya tumbo lililokwisha kujaa. Mpira peke yake, bila dawa yoyote, umeokoa wengi kwa kuteremsha presha tu.

Mafuta ya daktari yenyewe ni yale meupe yasiyo na harufu ya duka la dawa, kwa kipimo cha mililita 5 hadi 10 kwa kila kilo ya mnyama, yani punda wa kilo 150 anapata kama robo tatu ya lita mpaka lita moja na nusu, farasi wa kilo 450 lita 2 na robo mpaka 4 na nusu. Wenyewe wanayaita parafini ya maji na hapa tahadhari jamani, Kenya ukisema parafini dukani utapewa mafuta ya taa, na mafuta ya taa ni sumu, si kwa chupa si kwa mpira.

Na siku hizi madaktari wengi kwa choo kilichokauka wanaanza na maji matupu ya vuguvugu yenye chumvichumvi zake, yanapitishwa kwa mpira kidogo kidogo kila baada ya saa kadhaa, manake kinachokosekana hasa pale kwenye kona ni maji, mafuta yanaweza kupita pembeni ya uchafu uliokwama yakatokea nyuma na uchafu wenyewe umebaki palepale. Kwa hiyo ukiona mafuta yametokea usishangilie bado.

Uamuzi wangu: mafuta kwa mpira ndio, mafuta kwa chupa hapana, na hapana hiyo ni ya kila kitu cha maji kwa chupa, hata kiwe kizuri namna gani.

TIBA ZA NG'OMBE KWA PUNDA

Magadi, maji ya sabuni, mafuta ya kupikia, mkaa uliosagwa, hizi wafugaji wetu wanazijua kwa ng'ombe aliyevimba ubavu na kwa ng'ombe zina sababu zake, povu la tumboni linavunjika, gesi inapata njia, anabeua, amepona. Mfugaji akinunua punda anahama na dawa zake. Lakini punda habeui. Gesi yake iko nyuma kwenye utumbo mpana, sabuni uliyompa mdomoni itafika huko baada ya masaa mengi kama itafika, na njiani imeshamuunguza koo na tumbo.

La hatari zaidi ni kisu. Ng'ombe anadungwa ubavu wa kushoto, gesi inatoka, wafugaji wengi wameokoa ng'ombe hivo. Kwa punda ubavu wa kushoto hauna hilo tumbo, ile sehemu kubwa inayojaa gesi kwake iko kulia, na hata huko kulia madaktari wanaifanya kwa sindano maalumu iliyosafishwa na kwa mnyama aliyechaguliwa, manake uchafu wa utumbo ukimwagika ndani ya tumbo unaleta sumu mwili mzima. Kisu cha jikoni kwenye ubavu wa punda sijawahi kuona sababu yake.

VIUNGO VYA JIKONI

Tangawizi, mvuje, uwatu, habasoda, bizari, mnanaa, kitunguu thomu. Huku kwetu pwani kila nyumba inavyo, India na Pakistani mvuje na tangawizi wanapewa farasi na nyumbu (yule anayezaliwa na punda na farasi) mpaka leo, Ulaya nako wao wanapenda chamomile na mnanaa, na vitabu vyao vya zamani vya wahunzi wa farasi mvuje umo. Kwa binadamu tunajua tangawizi na mnanaa vinatuliza tumbo, mafuta ya mnanaa yanalegeza misuli ya utumbo, kwa hiyo siwezi kusema ni upuuzi.

Ila jiulize utampaje. Punda mwenye msokoto hali, hivo hatakula pumba ulizochanganyia tangawizi, na ukishachemsha na kumnywesha kwa chupa tumerudi kulekule kwenye mapafu. Kwa hiyo viungo si dawa ya saa ya maumivu. Ukitaka kumwekea kidogo kwenye chakula mnyama asiye na maumivu kwa sababu tumbo lake lina tabia ya gesi, sawa, ubaya ni mdogo, na faida pia usiitegemee sana. Kitunguu thomu kikizidi na kikizoeleka kila siku kinaharibu damu ya wanyama hawa, kwa hiyo hapo shika mkono.

VYA KUHARISHA

Sanamaki, shubiri, mafuta ya nyonyo, ukwaju mzito, chumvi ya haluli (Epsom salt). Watu wanavichanganya vyote kama kitu kimoja kwa vile vyote vinafungua choo, lakini havilingani hata kidogo.

Shubiri ndo ilikuwa dawa kubwa ya wahunzi wa Ulaya, walikuwa wanaifinyanga vidonge vikubwa wanavisukuma kooni, na ilikuwa inamharisha farasi kweli kwa kuuchokoza utumbo ukaze kwa nguvu. Sanamaki njia yake ni hiyohiyo ya kuchokoza. Sasa utumbo uliozibwa ukiulazimisha ukaze ndo unaongeza maumivu, na kama umejipinda unaweza kuchanika. Mafuta ya nyonyo mimi naweka kando kabisa, yanaunguza utumbo wa farasi vibaya kiasi kwamba watafiti wameyatumia kwa makusudi kumtia mnyama ugonjwa wa kuhara wakitaka kuusoma, na mbegu zake zikitafunwa mbichi ni sumu ya kuua.

Chumvi ya haluli ni habari nyingine. Haichokozi kwa ukali ule, inavuta maji kuingia utumboni na kulowesha kilichokauka, na madaktari wanaitumia mpaka leo, kama gramu 1 kwa kilo, imeyeyushwa kwenye maji mengi, kwa mpira. Hapa tiba ya bibi na tiba ya daktari ni moja, tofauti ni kipimo na mpira. Lakini kumbuka maji inayovuta yanatoka mwilini mwake, kwa hiyo punda aliyekaukiwa, ufizi mkavu, ngozi ya shingo ukiifinya inachelewa kurudi, ukimpa haluli bila maji unamkausha zaidi, na hata aliye na maji haipewi mfululizo siku nyingi.

MCHANGA

Hii ni ya Lamu na ni ya Ghuba, mnyama anayelishwa chini kwenye mchanga anaula pamoja na majani, unajikusanya chini ya utumbo mpana mpaka unakuwa mzigo. Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama, chukua mavi mabichi ambayo hayajagusa ardhi, tia kwenye glavu ndefu au mfuko unaoonekana, jaza maji, tikisa, ning'iniza kwa muda. Mchanga utashuka vidoleni. Ukiona umejaa unajua, na usipouona bado haimaanishi hamna.

Tiba inayosemwa sana ni maganda ya ispagula, yale wahindi wanayaita isabgol na watu wananunua kwa ajili ya choo kigumu. Yakikutana na maji yanakuwa ute unaobeba mchanga. Kwenye chakula peke yake matokeo yake yamekuwa ya kubahatisha, wengine unawatoka, wengine wanabaki nao vilevile. Utafiti wa Finland ulionyesha kwamba ispagula pamoja na chumvi ya haluli, zote gramu 1 kwa kilo, kwa mpira kila siku kwa siku kadhaa, zinasafisha vizuri kuliko moja peke yake. Kwa hiyo ukiwa na daktari chagua huo mchanganyiko, ukiwa huna na mnyama hana maumivu saa hizi, ispagula kwenye chakula ni jaribio la haki. Mnyama aliyeziba kabisa usimpe, utamuongezea gundi juu ya kizibo.

Lakini hapa dawa kubwa ni hori. Inua chakula kitoke chini, weka hata beseni la zamani au tairi lililokatwa lenye kitako, mpe majani kabla hajaanza kulamba ardhi kwa njaa.

TAPENTAINI, TUMBAKU, BIA, MOTO NA DAMU

Nazipitia haraka. Tapentaini iliyochanganywa na mafuta ya kitani ilikuwa ndo dawa ya wenye mikokoteni wa Ulaya na Marekani karne ya 19 na bado kuna sehemu za Asia ya Kusini inatumika, waliamini inazuia kuchacha tumboni. Inaunguza mdomo, koo, utumbo na figo, na ile ya duka la rangi ina mengine zaidi. Tumbaku ni sumu. Bia nyeusi inatajwa sana na wenye farasi wa Ulaya, sijaona inachofanya zaidi ya kuwa kitu kingine cha chupa.

Kuchoma tumbo kwa chuma cha moto, hii ipo Ethiopia na sehemu nyingine za Afrika, na kumtoa damu shingoni au kumkata kaakaa la mdomo, wahunzi wa Ulaya walifanya sana hizo. Ningependa kusema neno laini lakini sina. Mnyama mwenye msokoto mkali maji ya mwili wake yanakimbilia utumboni, damu inakuwa nzito, moyo unakimbia kuisukuma, ukimtoa damu unamsukuma kuelekea kifo, na ukimchoma umemuongezea maumivu ya pili juu ya yale ya kwanza. Anayenyamaza baada ya kuchomwa hajapona, amekata tamaa. Hizi naomba tuziache kabisa, na wazee wetu tuwaambie kwa adabu, manake wengi wao walifanya kwa mapenzi, hapakuwa na daktari wa kumuita.

MKONO NA MAJI YA SABUNI KWA NYUMA

Kumwingizia mkono kumtoa mavi au kumpa bomba la maji ya sabuni. Kwa mtoto mchanga wa punda ambaye hajatoa kile choo cheusi cha kwanza, bomba dogo la maji vuguvugu kwa mkono mwepesi linasaidia na daktari analifanya. Kwa mkubwa kizibo chenyewe kiko mbali ndani, maji yako hayafiki, na utando wa huko nyuma ni mwepesi, ukipasuka umemuua. Mwachie daktari.

SINDANO ZA DAKTARI NAZO ZILINGANISHWE

Isije ikaonekana nasema cha kisasa chote ni salama. Siku hizi sindano zinauzwa duka la dawa za mifugo na kila mtu anajidungia.

Flunixin ndo ya maumivu inayoaminika zaidi kwa msokoto, miligramu 1.1 kwa kilo, kwenye mshipa. Ikidungwa kwenye msuli kuna hatari ya bakteria wa kuoza nyama, yani unatibu tumbo unaleta donda la shingo linaloua. Na inaficha, mnyama mwenye utumbo uliojipinda akipewa kipimo juu ya kipimo anaweza kuonekana ametulia wakati ndani utumbo unakufa. Kipimo kimoja, uandike saa, na maumivu yakirudi kabla ya muda usiongeze, hiyo ni habari mbaya ya kumpigia daktari. Buscopan inalegeza utumbo uliokakamaa na kwa msokoto wa gesi na mkakamao inafanya kazi haraka, ila inapandisha mapigo ya moyo kama nusu saa hivi, kwa hiyo mapigo yahesabiwe kabla ya sindano, baada yake utajidanganya. Fenilbutazoni, nayo dawa ya maumivu, watu wanaipenda kwa miguu, kwa tumbo haishindi flunixin na ikitoka nje ya mshipa inaunguza.

Ukiniuliza flunixin moja iliyodungwa vizuri na mtu anayejua dhidi ya dawa zote za kienyeji zikijumlishwa, nachukua flunixin bila kusita. Ila sindano hiyohiyo mkononi mwa mtu asiyejua mshipa uko wapi, bora kumtembeza na kusubiri.

SASA UNACHAGUAJE

Chaguo halianzii kwenye dawa, linaanzia kwa mnyama. Hesabu mapigo chini ya taya au nyuma ya kiwiko cha kushoto. Farasi aliyepumzika ni kama 28 hadi 44 kwa dakika, punda anakuwa juu kidogo, wastani 44 na mpaka 50 na kitu bado ni kawaida. Yakivuka 60 na hajafanya kazi, hiyo si ya kienyeji tena. Fungua mdomo utazame ufizi, uwe wa waridi na majimaji, bonyeza kwa kidole uwe mweupe na urudi rangi ndani ya sekunde 2. Ukiwa mwekundu sana, au wa zambarau, au mweupe kama karatasi, piga simu sasa hivi. Weka sikio ubavuni pande zote mbili, ngurumo za hapa na pale ni nzuri, kimya kabisa ni kibaya.

Kama mapigo yako sawa, ufizi mzuri, maumivu ni ya kuja na kuondoka, basi mwondolee chakula mbele yake, mwachie maji safi, mtembeze dakika chache, mpumzishe kivulini, rudia kuhesabu kila nusu saa. Usimpe kitu mdomoni. Saa moja mpaka mbili zikipita hajabadilika, au ameharibika hata kidogo, ita mtu. Na ukimwita mwambie ukweli wote, alichokula, lini alitoa mavi mara ya mwisho, na dawa gani mmeshampa hata kama ni ya kuona haya, kuna mengi yanabadilika akijua kwamba kuna mafuta yameshapita kooni.

Kwa wenye punda kuna jambo moja halipo kwa farasi kwa ukali ule. Usimnyime chakula siku nyingi. Punda, hasa aliyenona au mwenye mimba, akikaa siku mbili tatu bila kula mafuta ya mwili wake yanamwagika kwenye damu, ini na figo vinashindwa, na huo ugonjwa unaua hata kama tumbo limeshafunguka. Kwa hiyo akianza kutoa mavi na daktari akakubali, mpe majani mabichi kiganja kwa kiganja, mara nyingi kwa siku, na kama ana rafiki yake mfungie karibu, punda akitenganishwa na mwenzake anakataa kula kwa majonzi tu.

Na iko aina moja ambayo hakuna dawa kwenye orodha hii inayoigusa, nayo ni plastiki. Kenya mifuko imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, Tanzania bara na visiwani nako haitakiwi, lakini kamba za nailoni, magunia, vifungashio vya biskuti vyote bado viko majalalani na punda wanaoachiwa kujitafutia Lamu mjini wanavila. Ndani vinajisokota vinakuwa donge gumu kama mpira. Mafuta hayaliyeyushi, haluli hailisogezi, tangawizi hailijui. Upasuaji wa tumbo la punda ni jambo la hospitali kubwa na pesa nyingi, wengi wetu hatutaupata. Lamu kuna kliniki ya punda ya Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza la kutunza punda, iliyofunguliwa 1987 na kujulikana kwa matibabu ya bure, wenye punda wa kule waitumie mapema badala ya kuipelekea mnyama aliyekwisha kulala. Sehemu nyingine ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti au ya wilaya, na namba ya mtu huyo uwe nayo kwenye simu leo, usianze kuitafuta saa nane za usiku.

Na kama daktari amemtazama akasema utumbo umejipinda, au donge halitoki, na upasuaji haupo, basi kumuondolea mateso kwa sindano ya usingizi ni mojawapo ya machaguo, na kwangu mimi ni bora kuliko siku tatu za kumjaribia kila chupa ya kila jirani. Amekubebea maji, mchanga, matofali na unga miaka yote hiyo. Haki yake ni asife na chupa mdomoni.